Mama mkwe ataka nikapungwe pepo kwa kuwa ninaongea peke yangu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nimeolewa mwaka wa pili sasa na tunaishi nyumba moja na mama mkwe. Ninapokata kitambaa hujisemea kwa sauti: "Hapa inchi 18, hapa acha pindo, sasa geuza." Mama mkwe anasema nina pepo na anataka nikapungwe. Nilijizuia wiki nzima, nikaishia kukata gauni la mteja mikono yote miwili ya upande mmoja. Je, akili yangu ina kasoro?

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe, pale uliposimulia habari ya ile mikono ya upande mmoja. Neno "geuza" ulilozoea kulitamka ndilo lililokuwa likikukinga na kosa hilo. Ulipolimeza, mkasi ukaenda ulikotaka.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliwachunguza watoto wadogo wanaojisemea wakiwa katika shughuli zao, akaona kwamba alipowawekea kikwazo, kwa mfano mtoto anataka kuchora na penseli ya rangi anayoihitaji haipo, maneno yao yaliongezeka karibu maradufu. Aliamini kwamba maneno hayo hayapotei mtoto anapokua, bali huingia ndani yakawa fikra za kimya, nami naona si ajabu yakitoka tena nje mtu mzima anapokabiliwa na kazi isiyoruhusu kosa, kwani kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Ungeniandikia kwamba unasikia sauti ikikujibu au ikikuamuru ilhali hakuna mtu, ningekuhimiza uende hospitali ukamwone daktari wa afya ya akili bila kuchelewa. Hukuniandikia hivyo. Unayemsikia ni wewe mwenyewe, na unajua fika kuwa ni wewe.

Mama mkwe wako simlaumu sana. Aliye chumba cha pili hasikii hesabu, husikia mnong'ono tu wa mkwewe aliyejifungia peke yake, na kwa mtu aliyekulia pwani mnong'ono wa namna hiyo una maelezo yake tayari. (Siku moja mtegee sikio anapopima maji ya wali, nitashangaa ukimkuta kimya.) Kushindana naye juu ya pepo hakutakufikisha popote, na kukubali kupungwa ili yaishe kutakuwa ni kukiri ugonjwa usiokuwa nao.

Fungua mlango wa chumba cha kushonea. Mwambie unataka kumshonea gauni, mpime mbele ya wifi zako, na kila kipimo kitaje kwa sauti huku ukimwomba akukumbushe ukisahau. Utakapofika kwenye mikono, mwache yeye ndiye aseme "geuza".