Jirani akijenga njiani, zungumza naye kabla simenti haijakauka

Sisi tunaokaa mji wa kale Lamu tunajua vile vichochoro vyetu ni vyembamba. Gari haziingii, mchanga unaletwa na punda, magunia ya mchele yanakuja kwa mkokoteni, na maiti anapita mabegani mwa watu. Kwa hivyo mtu akila njia hata kidogo tu, mtaa mzima unaumia.

Ushauri wangu, kwanza angalia kilichoziba ni kitu gani. Kama ni mawe na mchanga wa ujenzi vumilia, ila mwambie fundi avisogeze upande mmoja na jioni afagie, mchanga usiingie mtaroni, maana mtaro ukiziba mvua ya masika maji yote yanaingia majumbani kwa watu. Hilo huisha kwa maneno mazuri.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kile kinachojengwa kikabaki. Kwetu Langoni jirani alianza kupanga mawe ya ngazi mpya, zimetokeza mpaka karibu na katikati ya njia. Watu wakanung'unika tu barazani, hakuna anayemwendea. Mi nikamfuata mzee mmoja anayeheshimika, tukaenda baada ya Magharibi, salamu kwanza, hali za watoto, ndio tukaingia kwenye maneno. Yule mzee alikuwa amepima upana wa jeneza la msikitini kwa kamba, akaishika upande mmoja, jirani akashika upande wa pili, wakaivuta pale penye kona. Haikupita. Mzee akamwambia, "Mwanangu, hapa tutakupitishaje wewe?" Kesho yake fundi akazirudisha zile ngazi nyuma, na ilikuwa rahisi sababu simenti haijamwagwa. Ingekuwa ishakauka na pesa zishaingia, hapo ni ugomvi wa miaka.

Sasa akikataa je? Usichukue nyundo ukabomoe mwenyewe, utageuka wewe mshtakiwa. Piga picha, pima njia ilivyokuwa na ilivyobaki, mwone mzee wa mtaa au chifu, halafu andikeni barua kwa ofisi ya mipango ya kaunti, wasaini majirani kadhaa, mtu mmoja peke yake huonekana ana chuki zake. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka ujenzi uwe na kibali cha kaunti, na kaunti ina uwezo wa kutoa notisi kazi isimame au pahali parudishwe palivyokuwa. Na kwa sababu mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001, peleka nakala kwa Makumbusho ya Taifa pia. Nakala yako igongwe muhuri uiweke.

Ila jamani baraza za zamani msizishtaki. Zile zilijengwa pamoja na nyumba, wazee wanakaa, mpita njia anapumzika, na punda washazizoea. Tunazungumzia ile inayomwagwa leo juu ya njia ya watu.