Kwa mnaoanza na baladi za roki za Kikorea: msianzie kileleni

Tangu IU, mwimbaji wa kike wa Korea, atoe toleo lake la baladi ya roki Never Ending Story mwezi Mei 2025, waimbaji wapya wameuvamia wimbo huo kwa wingi, na wanaanguka pale pale walipoanguka waliowatangulia. Mtu anajifunza kwa IU wiki nzima, sauti imeshazoea njia zake, halafu siku ya kurekodi anapakua ala tupu za 2002 za Boohwal, bendi yenye wimbo huo, zilizo kwenye kii (kimo cha sauti cha wimbo mzima) ya mwanamume, na kuingia nazo moja kwa moja. Kiitikio cha kwanza kinapita, cha pili kinatetereka, cha mwisho ni kelele. Hamu mnayo na masikio mnayo. Haya mengine yote yana dawa, ndiyo maana naona uchungu kuyasikia kila mara.

1. Sikilizeni kwa mpangilio wa miaka. Wengi hawajui hata kwamba wimbo ni wa nani. Kim Tae-won, mpiga gitaa wa Boohwal, ndiye aliyeutunga, na aliyeuimba ni Lee Seung-chul aliporudi kwenye bendi hiyo mwaka 2002. Nasema aliporudi kwa sababu ndiye aliyeimba albamu ya kwanza ya Boohwal mwaka 1986. Kabla yake mwimbaji alikuwa Kim Jong-seo, aliyeondoka na baadaye akaimba kwenye bendi ya Sinawe. Heeya, wimbo uliowapa jina, haukutungwa na Kim Tae-won bali na Yang Hong-seob, kwa hiyo acheni kuandika vingine kwenye maelezo ya video zenu.

Baada ya albamu ya pili ya 1987 Lee akatoka, na mwaka 1989 alikuwa msanii wa kujitegemea. Hapo pana somo zuri kuliko yote. Albamu ile ya pili ina wimbo unaoitwa Hoesang III. Lee aliuchukua, akaurekodi upya kwa jina la Majimak Konseoteu, na ukawa wimbo mkubwa wa mwanzo wake wa peke yake. Wekeni matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, mfuatilie jambo moja tu: sauti inaanza kubeba uzito kuanzia wapi. Kisha wekeni Heeya na Never Ending Story. Kwenye Heeya mnasikia kijana wa bendi ya roki anayesukuma. Miaka kumi na sita baadaye mtu yule yule anaingia ubeti wa kwanza karibu kama anaongea, na ile nguvu ya roki ameitunza hadi inapohitajika. Sonyeo Sidae nao ni wimbo wake wa 1989. Kundi la Girls' Generation, ambalo jina lake ndilo hilo hilo, liliuimba upya mwaka 2007, na hapo ndipo wengi wenu mlipoufahamu.

2. Kii. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo panapoharibika kila kitu.

Mwimbaji mpya huona kushusha kii ni kushindwa. Hata vyumba vya karaoke vya Korea vina kitufe cha kupandisha na kushusha kwa nusu toni (hatua moja ya kinanda), na hakikuwekwa pale kama pambo. Mkikataa kushusha, mambo huenda hivi. Ubeti uko chini, unaimbwa kwa sauti ya kifua bila taabu, na mtu anajiamini. Kiitikio kinapopanda, anaibeba sauti ile ile ya kifua na kuipandisha nayo, maana ameambiwa hii ni roki. Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, linapanda, kidevu kinainuka, misuli ya shingo inakaza, nyuzi za sauti zinabanwa kwa nguvu na pumzi inasukumwa zaidi ili zipenye. Noti ya juu inapatikana mara ya kwanza kwa sababu koo bado halijachoka. Mara ya pili inakaa chini kidogo ya mahali pake, na mwimbaji mwenyewe hasikii kwa sababu ya kelele zake. Kwenye kiitikio cha mwisho, ambacho kwa baladi nyingi za namna hii kina noti ndefu kuliko zote, sauti inapasuka au inaporomoka kabisa. Kesho yake ameamka amekwaruzwa, anakunywa tangawizi na kurudia yale yale jioni.

Fanyeni hivi badala yake. Tafuteni noti ya juu kabisa ya wimbo kwa kinanda, hata cha simu. Kisha tafuteni dari yenu: noti mnayoweza kuishika kwa sauti ya wastani, mara tatu mfululizo, bila kidevu kuinuka. Simameni mbele ya kioo, kidevu hakidanganyi. Noti ya juu ya wimbo inatakiwa ikae toni nzima chini ya dari hiyo, kwa sababu jukwaani mna woga, na woga unakula toni. Shusheni kwa nusu toni moja moja hadi ifike hapo. Kila mnaposhusha, rudini muupime ubeti wa kwanza: kama noti za chini zimegeuka hewa tupu, mmepita kiasi. Ikifika nusu toni nne au tano na bado juu hapafikiki huku chini pameshapotea, wimbo huo si wenu mwaka huu. Chukueni mwingine. Wasichana mnaotumia ala za kiume msikisie, pimeni juu na chini vile vile kabla ya kuchagua.

Kii ikishapatikana, gawanyeni nguvu. Ubeti wa kwanza theluthi ya sauti, kiitikio cha kwanza nusu, cha pili zaidi kidogo, na mwisho ndipo mfungue. Kwenye mazoezi ya wiki ya kwanza msiimbe kabisa kiitikio cha mwisho kwa sauti kamili. Anzeni kwa kuvuma mdomo umefungwa, kisha irabu peke yake, kisha maneno kwa kasi ya asilimia 75, halafu ndiyo kasi yake. Mtu akiruka hatua ya irabu huwa natambua kwenye noti ndefu ya kwanza.

3. Someni Hangul, yaani maandishi ya Kikorea. Wiki moja inatosha kuzijua herufi, na maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini yanatuponza sisi kuliko watu wengine, kwa sababu mazoea yetu ni kutamka kila herufi tunayoiona. Neno linalofungua kiitikio cha Never Ending Story huandikwa geuriwohamyeon. Lina silabi tano: geu, ri, wo, ha, myeon. Mwimbaji wetu mpya analisoma ge-u-ri-wo-ha-mi-e-o-ni, silabi tisa ndani ya nafasi ya tano, kisha anamlaumu mpiga ngoma. Geu Saram, wimbo wa Lee wa 2010 wa tamthilia ya Baker King, Kim Takgu, nao unageuka "Geusaramu".

Eo ni irabu moja: fungueni mdomo kama mnasema o, halafu legezeni midomo isifanye duara. Eu nayo ni moja: semeni u huku midomo imetanuka kama ya i. Konsonanti ya mwisho wa silabi haipewi irabu ya kuisindikiza. Ikiwa m, n au ng, noti yote ikae kwenye irabu na kufunga kuje mwishoni kabisa, maana mkifunga mapema sauti inakufa puani. Ikiwa p, t au k, fungeni mdomo au ulimi na msiachie hewa. Neno linalofuata likianza na irabu, konsonanti inahamia huko, na hilo kwetu ni jepesi: saram likifuatwa na eun linaimbwa sa-ra-meun, silabi wazi kama tulivyozoea.

4. Pumzi ziwekeeni alama kwenye karatasi yenye Hangul, kwenye nafasi kati ya maneno. Karatasi za Kilatini zilizokatwa silabi silabi zinawafanya mvute pumzi katikati ya neno, na Mkorea yeyote anayesikiliza anashtuka hapo.

5. Maiki vidole viwili kutoka mdomoni kwenye ubeti, kiganja kizima kwenye noti za juu.

6. Gitaa linapochukua nafasi, nyamazeni. Huu ni muziki wa bendi, na kwa Kim Tae-won gitaa lina sehemu yake ya kusema kama mwimbaji. Kujaza pale kwa miguno na "yeah" kunaonyesha kwamba hamkuwa mnasikiliza. Tumieni sekunde hizo kushusha mabega na kuvuta pumzi mbili za tumboni. Mkiingia mashindano ya K-pop ya ubalozi na muda mliopewa ni mfupi, kateni ubeti, msikate gitaa lote, kwa sababu kupanda moja kwa moja kutoka kiitikio hadi kiitikio ndiko kunakomaliza koo.

7. Mkipata nafasi, tazameni misimu miwili ya mwanzo ya Superstar K, shindano la uimbaji la televisheni ya Korea, 2009 na 2010, ambayo Lee alikuwa jaji. Msiangalie washindi tu, Seo In-guk na Huh Gak. Tazameni waliotolewa mapema. Wengi walikuwa na sauti kubwa kuliko yenu na yangu, na walichagua wimbo uliowazidi. Simamisheni video kabla jaji hajasema, mwandike ninyi wenyewe kasoro ilianzia neno gani, kisha endeleeni. Nyimbo za kuanzia ni Geu Saram, halafu Majimak Konseoteu, na Never Ending Story iwe ya tatu, kwenye kii mliyoipima.