Swali: Rafiki niliyempata Hija yuko Kongo, nimemkalia kimya, je nina dhambi?

SWALI: Asalaam alaykum ustadh. Mimi ni mkazi wa Muheza. Hija ya 2023, usiku wa Muzdalifa, pale mahujaji wanapolala nje, nilipotezana na kundi letu na kwenye ule msongamano kandambili moja ikanitoka sikuiona tena, nikakaa chini nalalamika peke yangu, jamaa mmoja akasikia Kiswahili akanigeukia, "Papa, uko mutu wa fasi gani?" Kumbe mtu wa Kindu, Kongo. Akanipa nusu ya mkeka wake, asubuhi akatoa kandambili za akiba kwenye mkoba, akaniambia vaa utanirudishia siku tukionana. Tukaenda wote mpaka Jamarat kwenye kurusha mawe, tukapeana namba. Mwaka wa kwanza tuliwasiliana sana, baadae mimi ndo nikalegea, yeye kila Ijumaa ananitumia salamu. Mwezi wa Rajabu akaniandikia mamake kafariki. Nikasoma usiku nikasema kesho nitampigia vizuri, kesho ikawa keshokutwa, mpaka leo. Naona haya hata kufungua meseji zake. Je mimi ni katika wale wanaomhama ndugu yao zaidi ya siku tatu? Mke wangu anasema niachane nae tu, mtu wa mbali mwisho ataomba hela.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Kwanza Allah amrehemu huyo mama, na wewe ulivyosoma msiba hata kama hukujibu natumai ulimuombea.

Ile hadithi ya siku tatu ipo kwa Bukhari na Muslim, na ukiisoma yote utaona Mtume (s.a.w.) kaeleza sura yake, wawili wanakutana huyu anageuza uso na yule anageuza uso. Yaani kununiana, kuna kinyongo ndani. Wewe huna kinyongo na huyu bwana, wewe una uzembe halafu juu ya uzembe ukaweka aibu. Kwa hiyo kwenye hilo sikuingizi. Wala si kukata udugu wa damu, maana huyo si ndugu wa tumbo, watu siku hizi kila kitu wanakiita kukata udugu mpaka maana yake inapotea.

Lakini usifurahi bado, kuna salamu zake. Allah anasema katika Suratun Nisaa aya ya 86 kwamba mkiamkiwa basi jibuni kwa iliyo bora zaidi au rudisheni hiyo hiyo, na Imam Nawawi kaeleza kwamba mtu akikuletea salamu kwa barua na barua ikakufika, kuijibu ni wajibu. Meseji ya simu ina tofauti gani na barua? Tena barua ilikuwa inakaa njiani miezi, hii inakufika umelala. Sasa sijui huyo rafiki yako anaandika mwenyewe au anatuma zile picha za waridi na msikiti zimeandikwa Jumaa Mubarak ambazo mtu anazirusha kwa watu mia kwa mpigo. Zile mimi sioni kama kila moja ina wajibu wa kujibiwa, ingekuwa hivyo tusingefanya kazi nyingine siku ya Ijumaa. Ila akikuandikia asalaam alaykum akakutaja jina lako, hiyo unadaiwa, na inatosha kuitikia kwa mdomo pale unapoisoma ila kumrudishia kwa maandishi ndio ubinadamu, maana yeye yuko Kindu hausikii mdomo wako.

Taazia nayo, yaani kumpa pole mfiwa. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Kishafi wengi wanasema taazia ni siku tatu, baada ya hapo inachukiza kwa sababu unamfungulia mtu kidonda ambacho kimeanza kufunga, isipokuwa aliyekuwa mbali. Na wapo katika hao hao Mashafi waliosema haina mwisho. Sasa huyu mtu wako kidonda chake kikubwa nadhani ni kwamba aliandika, akaona zile tiki mbili zimegeuka bluu, halafu kimya. Kwa hiyo wewe kumpa pole leo unakifunga kidonda, hukifungui. Mpe.

Unajua wale masahaba Salman Al-Farisi na Abu Dardaa, Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha undugu pale Madina, wala hawakuwa na nasaba, mmoja Mfursi, mtu wa Uajemi, mmoja Muansari, mwenyeji wa Madina. Baadae maisha yakawatenganisha, Abu Dardaa akawa Sham, upande wa Syria, Salman akawa Iraq. Imam Malik kapokea kwamba Abu Dardaa alimwandikia Salman, njoo huku ardhi takatifu. Salman akamjibu kwamba ardhi haimtakasi mtu, mtu anatakaswa na amali zake, na hapo hapo akamuonya kuhusu ule ukadhi aliopewa asije akawahukumu watu vibaya. Hebu angalia hiyo barua, haikuwa habari za siku nyingi mzima basi, alimjua mwenzie yuko kwenye kazi gani akamwambia neno linalomhusu. Na wewe usimuandikie tu "mambo vipi ndugu", mtaje mama yake, muulize aliumwa nini, nani yuko nyumbani sasa.

Halafu kuna ile nyepesi kuliko zote ambayo haili hata bando. Safwan bin Abdillah alifika Sham nyumbani kwa Abu Dardaa hakumkuta, akamkuta mkewe Ummu Dardaa, mama huyo akamuuliza Safwan mwaka huu unaenda Hija? Safwan akasema naam. Mama akamwambia basi tuombee, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akisema dua ya Muislamu kwa nduguye asiyekuwepo inajibiwa, kichwani pake kuna malaika kila akimuombea heri malaika anasema amin nawe upate mfano wake. Hii iko kwa Muslim. Kwa hiyo zile Ijumaa zote ulizokuwa unaona haya, ungeweza kumuombea tu kwenye sijida.

Mama watoto mwambie kwa upole, hajakosea kuogopa maana matapeli wa simu wapo na namba zinaibiwa, siku meseji ya hela ikija piga simu usikie sauti yake kwanza. Lakini mpaka hapa mtu huyu hajaomba chochote, alichofanya ni kutoa, mkeka wake na kandambili zake. Akija kuomba na huna, neno "sina" halivunji urafiki.

Sasa hizo kandambili, hukuniuliza ila nakujibu. Kasema utanirudishia, kwa hiyo ile ni ariya, kitu cha kuazima, sio zawadi. Huyo Safwan niliyemtaja juu babu yake ni Safwan bin Umayya, Mtume (s.a.w.) aliazima kwake deraya za vita vya Hunayn akamwambia ni za kuazima zenye dhamana. Inawezekana mwenzio alisema kwa utani tu, hata mimi nadhani hivyo, lakini mali ya mtu hatuihalalishi kwa kudhani. Muulize. Ndio mwanzo mzuri wa maongezi kuliko kujieleza ulikuwa bize na shamba. Piga baada ya Isha, wao Kindu wako nyuma yetu saa moja, anza na salamu, mpe pole ya mama, sema nimekosea, kisha mwambie nina amana yako huku niifanyeje.

Na mpaka atakapokujibu, hizo kandambili zioshe uziweke, usizivae kuendea kisimani.

Wallahu aalam.