Fundi asifungue injini kabla ya kibali cha waranti
Wenye magari huuliza kama fundi anaweza kuanza kufungua injini huku dai la waranti waliyonunua kwa kampuni nyingine, si ya mtengenezaji, bado linasubiri jibu. Hapana, hata kama gari limekaa gereji siku nyingi, fundi asifungue injini kabla kampuni ya waranti haijatoa kibali, tena kwa maandishi na chenye namba ya dai. Nafanya kazi mapokezi ya gereji na madai mengi nayaona yakikwama hapo hapo: injini imenoki, fundi kwa nia njema anafungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kutoa beringi zilizokwanguka, kisha mkaguzi wa kampuni ya waranti anafika na kukuta vyuma mezani. Hawezi tena kuthibitisha tatizo lilianzia wapi, basi wanakataa.

Uliza mapema nani analipia kazi ya kuifungua. Mikataba mingi inakuachia wewe mpaka ithibitike kuwa kilichoharibika kimo kwenye waranti. Risiti za kubadilisha oili, zenye tarehe na kilomita, ziwe tayari. Vipuri vibovu visitupwe.

Na kama taa ya oili iliwaka, gari lisiwashwe tena, maana kwa kawaida hawalipi uharibifu unaoongezeka kwa kuendelea kuendesha. Ila waranti ya mtengenezaji mwenyewe ina utaratibu wake, na hapo anza kwa wakala wake, si kwa fundi wako.