Mtoto kajing'ata ulimi: damu inatoka wapi, na ibanwe vipi

Ndugu yetu wa Ujiji, umeuliza kwa nini mtoto aliyeanguka akajing'ata ulimi anavuja damu namna ile, na kama ile mishipa ya bluu chini ya ulimi ndiyo imepasuka.

Ile ya bluu ni vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Kwa wazee huvimba vifundo vya zambarau na kwa kawaida haina madhara. Ateri yenyewe, yaani mshipa unaoleta damu ulimini, haionekani, imelala ndani zaidi. Ziko mbili, kila upande moja, zinatoka kwenye karotidi ya nje, ateri kubwa ya shingoni. Zikiingia ulimini zinatoa matawi ya nyuma, tawi la sakafu ya mdomo, na tawi refu la kwenda nchani. Nchani ndipo za kulia na kushoto zinapoungana, kwa hiyo kidonda cha pale kinapata damu pande zote mbili. Wingi huohuo wa damu ndio unaokifanya kipone haraka.

Mkalishe ameinama mbele, ateme, asimeze, maana damu tumboni inatapisha. Shika ulimi kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) au kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, juu na chini ya kidonda, uvute nje kidogo, ubane dakika 10 mfululizo ukiangalia saa. Usichungulie! Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kila nusu dakika wanafuta, na kila wakifuta wanang'oa damu iliyokwisha kuganda. Majivu na unga wa kahawa usiweke kabisa. Siku hiyo apewe uji uliopoa, mchuzi wa moto wa samaki migebuka usubiri. Kusukutua kwa maji ya chumvi ni kuanzia kesho yake.

Ukibana mara mbili bado inatoka, au kidonda kimeachama, kipande kinaning'inia, ncha imepasuka, nenda hospitali ya Maweni, Kigoma. Walio Tabora, hospitali ya Kitete. Kidonda kidogo kilichofungana chenyewe mara nyingi hakishonwi.

Ninachokiogopa zaidi ni damu inayojikusanya sakafuni mwa mdomo. Nje huioni nyingi, ila chini ya ulimi panavimba, ulimi unasukumwa juu na nyuma, sauti inakuwa nzito, mate yanadondoka. Hapo njia ya hewa inazibwa. Ondokeni saa hiyohiyo, mtoto akiwa amekaa, msimlaze chali.

Na kwa kuwa kuna aliyegusia kukata kimeo: kimeo kinalishwa na mishipa ya kaakaa, na kikivuja kule nyuma hakuna kidole kinachoweza kukibana, damu inateremka kooni kwenye njia ya hewa. Tafadhali msimpeleke mtoto kukatwa mtaani kwa sababu ya kikohozi.