Boksi ya tivi imelemewa? Iwashe kwa memori kadi kwanza, Android iache ilivyo

Ndugu uliyenunua boksi Luthuli Avenue, Nairobi, ukaona matangazo yanajifungua yenyewe na YouTube inakwama kila jioni: fundi amekuambia uitupe, au umlipe akuwekee CoreELEC moja kwa moja ndani ya boksi. Naomba usikubali lolote kati ya hayo kwa sasa. Nimewekea majirani wengi CoreELEC hapa Kayole, na boksi zote huanzia kwenye memori kadi. Mfumo mpya unakaa kwenye kadi, Android inabaki ndani ilivyokuwa. Usipoupenda, unachomoa kadi, unawasha, na boksi ni ileile uliyoinunua.

CoreELEC ni mfumo mdogo wa Linux wenye kazi moja, kuendesha Kodi, yaani programu ya kuchezea video na muziki kwenye tivi. Ulitokana na LibreELEC mwaka 2018 kwa ajili ya chipu za kampuni ya Amlogic. Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, jua boksi yako ina chipu gani. Usiamini jina lililo juu ya kifuniko. MXQ, kwa mfano, ni jina lililobandikwa kwenye boksi za viwanda tofauti kabisa, nyingine Amlogic, nyingine Rockchip. X96 mini huwa na Amlogic S905W, hiyo inafaa. T95 nyingi zina Allwinner H616, na hizo CoreELEC haiziwezi hata ufanyeje. Usiamini sana pia kile ambacho Android inakuonyesha kwenye mipangilio, kwa sababu wapo wanaoichezea iseme GB 4 wakati ndani mna 2. Fungua skrubu za chini, ambazo mara nyingi zimefichwa na vile vimiguu vya mpira, usome maandishi ya chipu yenyewe. Kama imegandishiwa kipande cha bati cha kupoza joto, usikibandue kwa nguvu. Piga picha ya ubao, namba iliyochapishwa juu yake husaidia kuitambua.

Kadi ya GB 8 inatosha, lakini iwe halisi. Mjini kadi bandia ni nyingi, kwa hiyo ipime kwanza kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta. Kisha pakua faili inayolingana na boksi yako kutoka tovuti ya CoreELEC, uiandike kwenye kadi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, halafu wanasema mfumo ni mbovu. Fungua kadi kwenye kompyuta, utaona folda ya device_trees. Mle mna faili nyingi, na kila moja inaueleza mfumo vifaa vilivyomo ndani ya boksi fulani. Chukua kwa mfano sm1_s905x3_4g_1gbit.dtb: chipu ni S905X3, RAM ni GB 4, waya wa intaneti ni wa gigabiti moja. Nakili inayofanana na yako, iweke nje ya folda hiyo, na uibadilishe jina iwe dtb.img. Ukichagua isiyo sahihi, kioo kinaweza kubaki cheusi au intaneti ya waya isishike. Usishtuke. Rudisha kadi kwenye kompyuta, jaribu nyingine. Android iliyo ndani ya boksi haijaguswa.

Sasa kuwasha. Chomoa umeme, ingiza kadi. Chungulia ndani ya tundu la AV, lile la duara la waya wa sauti na picha. Kwenye boksi nyingi, mwishoni mwa tundu hilo kuna kitufe kidogo. Tumia kijiti cha meno cha mbao, si sindano wala waya. Kisukume polepole mpaka usikie kimebonyea, kishikilie hapo, chomeka umeme, na usiachie mpaka nembo ya CoreELEC itokee. Itajipanua kwenye kadi na kujizima na kujiwasha yenyewe, iache imalize. Kuanzia hapo itaingia CoreELEC kila ukiwasha, bila kijiti.

Kuhusu kuiandika ndani, ipo zana inayoitwa ceemmc kwa boksi zinazoikubali. Lakini fikiria stima ikipotea katikati ya kuandika. Boksi inaweza kugoma kabisa, na kuifufua kunahitaji kompyuta ya Windows, USB Burning Tool ya Amlogic, waya wa USB wa dume kwa dume, na faili kamili ya Android ya boksi hiyohiyo, ambayo kwa boksi zisizo na jina ni kazi kuipata. Kadi hainipi wasiwasi huo, na sijaona sababu ya kuiacha.

Hayo matangazo yanayojifungua yenyewe uyachukulie kwa uzito. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi inayokutwa kwenye vifaa vya nyumbani zikiwemo boksi za Android za bei nafuu, nyingine zikiwa nayo tangu kabla ya kununuliwa. Inaweza kuugeuza mtandao wako kuwa njia ya wahalifu. Ukiwasha kwa kadi, Android haiendeshwi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa nyumba yenye watoto na simu za M-Pesa kwenye waifai moja.

Ujue pia utakachokosa. Netflix usiitegemee humo. YouTube kwenye Kodi itakudai funguo zako za API kutoka Google, yaani misimbo ya kuiruhusu Kodi iingie YouTube. Waifai za boksi rahisi mara nyingine hazitambuliki, hivyo andaa waya wa kwenda kwenye ruta. Weka saa za Africa/Nairobi, na kama tarehe si sahihi, rekebisha mtandao kwanza ili boksi ichukue saa kutoka huko, kwa sababu tarehe ikikosea tovuti salama hukataa kufunguka.

Kwa mzee wa nyumba anayetaka taarifa ya habari: nunua kipokezi cha USB cha DVB-T2 (tivi ya dijitali ya antena) ambacho Linux inakitambua, weka Tvheadend, programu ya kupokea chaneli, kutoka hazina ya CoreELEC, unganisha antena ya paa. Citizen, KBC na NTV zitaingia bila bando, na unaweza kurekodi kwenye flashi.

Tuma hapa picha ya ubao na kiasi cha RAM, nikutajie faili ya dtb ya kuanzia.