Maswali ya Wasomaji: Uso wa Meza Uliopinda Kama Mtumbwi

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni seremala mwenye karakana ndogo Tabata, Dar es Salaam. Nilinunua msumeno wa reli, yaani ule wa umeme unaoteleza juu ya reli ya alumini, ili niache kupeleka mbao Keko kila ninapotaka kunyoosha kingo kwa mashine ya randa. Kazi ya kwanza ilikuwa uso wa meza ya kulia chakula: mbao tano za mninga, unene inchi moja na nusu, upana sentimita 18 kila moja. Kipimo cha pembe cha mashine kilisoma sifuri, yaani diski yenye meno imesimama wima, nikakata kingo zote, nikaziunga kwa gundi. Gundi ilipokauka nililaza rula ndefu kukatiza meza, nikakuta bonde la karibu sentimita moja katikati. Je, nimeuziwa mashine mbovu?

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, nakushukuru kwa kutaja vipimo, kwani ndivyo vinavyoitetea mashine yako. Mbao tano zina maungio manne. Ukingo ukipungukiwa nusu digrii tu kutoka digrii 90, ungio hupinda digrii moja nzima, kwa kuwa kingo mbili zimekutana na kila moja imeleta kosa lake. Hivyo mbao za pembeni kabisa huinuka digrii mbili zikilinganishwa na ule wa kati, na kwa upana wa sentimita 18 hesabu inatoa bonde la milimita 9 hivi. Hiyo ndiyo sentimita yako. Nusu digrii haionekani kwa jicho kwenye kile kipimo kidogo cha mashine, nami binafsi sijawahi kukitegemea kwa kazi ya kuunga.

Kipimo cha kuaminika ni ubao wenyewe. Chukua kipande kilichopigwa randa pande zote mbili, chenye unene ule ule wa mbao zako, ukikate kwa msumeno ukiwa juu ya reli, kisha geuza kipande kimoja chini juu na uvikutanishe tena pale pale palipokatwa, vikiwa vimelala juu ya kioo au meza iliyonyooka. Mwanya utakaouona ni kosa lililozidishwa mara mbili: kwa unene wako, nusu digrii itakuonyesha mwanya wa zaidi ya nusu milimita. Endapo hata karatasi ya kawaida ya kuandikia haipenyi, juu wala chini, pembe yako inatosha.

Mwanya ukiwapo, chomoa waya kwenye umeme kwanza. Legeza vishikizo viwili vya kuinamishia mashine, cha mbele na cha nyuma, kisha tafuta skrubu ndogo za kuzuia ambazo mashine huziegemea inapofika sifuri. Nyingi huzungushwa kwa kifunguo cha pembe sita. Zizungushe kidogo sana na kwa kiasi kinacholingana, la sivyo mashine itaegemea upande mmoja tu. Ibane, kata tena, geuza tena. Skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, inaweza kukusaidia kuanza, mradi uiegemeze kwenye bamba la diski na si kwenye meno, kwa sababu ncha za meno ni nene kuliko bamba. Kaza pia vile virekebishi vilivyo kwenye kitako cha mashine mpaka iteleze kwenye reli bila kuchezacheza kulia na kushoto.

Hata hivyo, nashuku kwamba kosa lako halikuanzia kwenye skrubu hizo. Reli nyingi zina upana unaokaribia ule wa mbao zako, na ukilaza reli juu ya ubao mwembamba, sehemu yake ya nyuma hubaki ikining'inia hewani. Uzito wa mashine na wa mkono wako huiinamisha, na diski nayo huinama pamoja nayo, ingawa kipimo kinaendelea kusoma sifuri. Weka ubao mwingine wenye unene ule ule chini ya upande huo, ufute vumbi chini ya reli, na uibane pande zote mbili. Nimeona mafundi wakizungusha skrubu siku nzima wakati tatizo lilikuwa kijivumbi cha mbao chini ya reli.

Ipo pia njia ya kulifanya kosa lijifute lenyewe. Kabla ya kukata, panga mbao kama zitakavyokaa mezani na uzipe namba; zile za namba witiri zikate uso ukiwa juu, za namba shufwa uso ukiwa chini. Pembe iliyozidi kwenye ubao mmoja itakutana na iliyopungua kwenye jirani yake, na meza italala sawa hata kama msumeno una kosa dogo. Unapobana, weka klempu moja juu na inayofuata chini, maana klempu zote zikiwa upande mmoja zinaweza kuupinda uso hata kama kingo ni sahihi.

Meza yako inaokoleka. Ipasue kwenye mistari ya gundi, ukate kingo upya. Utapoteza upana wa sentimita mbili hivi.

SWALI: Mimi ni fundi wa Mbagala. Nikipasua mninga kwa msumeno kama huo, kingo huungua na kuwa nyeusi. Je, gundi itashika?

JIBU: Haitashika vizuri, ondoa weusi huo kwa randa kabla ya kupaka gundi. Inaelekea unatumia diski ya meno mengi, 48 hivi, ambayo inafaa zaidi kukata kukingama nyuzi za mbao. Kwa kupasua mbao ngumu kwa urefu tafuta ya meno machache, kati ya 12 na 28, na usafishe utomvu ulioganda kwenye ile ya zamani. Diski yenye joto hujipinda, hivyo pembe yako huharibika pia. Epuka waya wa nyongeza ulio mrefu na mwembamba, kwani hupunguza nguvu ya umeme, mashine huzungusha diski polepole, na ubao huungua.